Fundi Saa Anaaga, Hakuna Anayemwamini

Haya nitakayoyaeleza ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Sikusimuliwa na mtu wala sikuyaokota njiani. Anayebisha aje nyumbani. Nitainua mkono wa kulia, na wa kushoto nao akiutaka, niape kwa vitu vyote ninavyovithamini, yaani miwani yangu na meno yangu saba yaliyobaki. Mzee mwenyewe namfahamu kama ninavyoufahamu mfuko wa shati langu.

Mzee huyo alikuwa fundi saa. Miaka thelathini na nane alikaa kwenye kibanda cha vioo chini ya ngazi za jengo la maofisi, kibanda chembamba kiasi kwamba akitaka kupiga chafya ilibidi kwanza afungue mlango. Kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, kibano mkononi, na mbele yake skrubu ndogo kuliko punje ya chumvi, zimepangwa ndani ya kifuniko cha kopo la mafuta ya nywele. Mtu akileta saa yake alikuwa na hakika ya mambo mawili: saa itapona, na yeye mwenyewe atadanganywa.

Lakini hakuwa mwongo wa kumuumiza mtu. Ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, alikuambia Alhamisi, na ilikuwa Alhamisi kweli. Ila ukikaa kuisubiri, hapo ulijitakia. Angekueleza habari za saa ya mkono aliyoikaza springi kupita kiasi, mwenye saa akiivaa Jumatatu anafika kazini Jumapili. Angekueleza ile saa ya ukutani iliyokuwa ikirudi nyuma, familia nzima ikapungua umri, mpaka babu wa nyumba akaitwa shuleni kurudia darasa la nne. Na zaidi ya zote angekueleza habari za mende aliyeishi miaka sita ndani ya saa ya ofisi moja kubwa, akaizoea kazi hata alipotolewa saa ikagoma, ikabidi arudishwe, apewe na likizo ya mwaka.

Alipostaafu, hadithi hizo zikahamia kwenye meza ya chakula. Mkewe, mkunga mstaafu aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa ule wakiwa bado hawana nguo, alikuwa anazijua zote kwa kichwa. Binti yao, aliyekuja likizo kutoka mji aliokuwa anafanyia kazi, akamwonea baba yake huruma.

"Baba, hizi hadithi zinakufa hapa mezani. Ngoja nikufungulie blogu."

"Blogu ndiyo nini?"

"Ni kama kibanda chako, ila wateja huwaoni."

"Na wakicheka nitajuaje?"

"Watakuandikia."

Basi. Akajifundisha kuchapa kwa vidole viwili, vya shahada vyote, vidole vilivyozoea vitu vidogo. Blogu akaiita Saa Mbovu. Kila Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, hadithi mpya inatoka. Watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, kisha kwa mafungu, mpaka wakafika elfu arobaini. Na mzee akawa na wateja tena.

Wasomaji wake hawakuamini hata neno moja, na utamu wote ulikuwa hapo. Kwenye maoni walikaa kama jopo la majaji. Kulikuwa na mmoja aliyejiita Mwalimu wa Hesabu. Huyo alipiga mahesabu ya kila kitu. "Fundi, kwa miaka uliyotupa hapa, babu huyu amezaliwa baada ya mjukuu wake. Rekebisha." Kulikuwa na Mama Mapacha, kazi yake kuuliza, "Halafu?" Na kulikuwa na Dereva wa Lori, ambaye chini ya kila uongo aliandika mstari uleule: "Naapa mimi mwenyewe nimemwona." Mzee alikuwa akiwasoma mpaka chai inapoa, anacheka peke yake, mabega yanamruka kama anaendesha baiskeli kwenye mawe.

Ikaenda hivyo mwaka, miaka, miaka tisa. Mwaka wa kumi kitu kikaanza kukwama.

Mwanzoni ilikuwa Ijumaa tu, kauzito kadogo kifuani. Kisha kauzito kakasogea Alhamisi. Kakaja Jumatano. Hatimaye akawa anarusha hadithi Jumamosi saa tatu, na saa nne anaanza kuogopa Jumamosi ijayo. Zile hadithi za kibandani zilikuwa zimekwisha zamani. Sasa alikuwa anawinda. Mtu akimsalimia, yeye anasikiliza kama ndani ya salamu kuna kitu. Kidaftari mfuko wa kushoto, penseli mfuko wa kulia. Hata kinyozi wake akawa anamnyoa kimya.

"Vipi leo, bwana, huna habari?" mzee anauliza.

"Ninazo, lakini sitoi. Juzi nimekuambia nimepoteza mkasi. Jumamosi nikasoma kwamba nimemnyoa mteja sikio, na kwamba sikio lilipoota tena likawa linasikia mambo ya jirani."

"Sikutaja jina lako."

"Umeandika 'kinyozi wangu'. Una vinyozi wangapi na hizo nywele sita?"

Hilo alilicheka. Lakini lililofuata halikuwa la kucheka.

Dada mkubwa wa mkewe alikuwa mgonjwa, mwili una afya lakini kumbukumbu zinamtoka. Mkewe alikuwa akienda kumwona kila Jumamosi, peke yake, maana Jumamosi mumewe alikuwa na wateja wake. Siku moja akarudi mapema. Akaingia viatu mkononi, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Hakunitambua," akasema. "Dada yangu, mzee. Ameniangalia weee, halafu ameniuliza mimi niko zamu ya asubuhi au ya mchana."

Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Na mzee, badala ya kumsogelea, akahisi penseli kati ya vidole vyake. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni wenyewe, haukumwomba ruhusa. Akainua macho. Mkewe alikuwa anautazama mkono huo. Akasimama, akaenda kuweka maji jikoni.

Mzee akabaki pale na penseli yake kama mwizi aliyekamatwa na kijiko. Aliyekuwa akilia kwenye kiti kile ni mke wake, na yeye alikuwa ameshapata kichwa cha habari.

Ndipo alipoamua: naacha.

Sasa utasema, kuacha kuna kazi gani? Asiandike, basi. Lakini haikuwa rahisi hivyo. Kuna wakati alishikwa na homa akakosa Jumamosi mbili mfululizo, na wasomaji wakamzika. Kweli kabisa. Binti yake alikuwa anapigiwa simu za pole ofisini, na mtu mmoja alishaandika hotuba ya buriani yenye mende ndani yake. Na zaidi ya hilo, watu wale walikuwa wamemfaa. Mtu akistaafu, simu yake nayo inastaafu. Wao ndio waliomfanya aamke anyoe ndevu. Hakutaka kuwaponyoka kama mteja anayekimbia na saa. Alitaka kuaga, waseme haya nenda, aende kwa moyo mweupe. Asipoaga hivyo ataendelea kuandika mpaka awachukie, na hilo ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko kusahauliwa.

"Andika tu kwamba umechoka," mkewe akamwambia. "Neno la kawaida. Watu wote wanalijua."

Akaandika. Mistari minane, haina hata chembe ya chumvi. Ndugu wasomaji, nimechoka. Nimeandika miaka kumi na moja. Nawashukuru. Leo naacha. Akairusha saa tatu kamili, akafunga laptopu, akaenda kumwagilia maua. Saa tatu na robo akashindwa kuvumilia, akaifungua.

"Hahaha! Fundi, hii kali!" ameandika wa kwanza.

"Mbavu sina," wa pili.

"Halafu?" Mama Mapacha.

"Kwa mahesabu yangu," Mwalimu wa Hesabu, "mtu mwenye nguvu za kudanganya kiasi hiki hawezi kuwa amechoka. Sehemu ya pili inatoka lini?"

Na Dereva wa Lori: "Naapa mimi mwenyewe nimemwona akiacha."

Mzee akakuna kichwa. Labda sikukaza sauti, akawaza. Jumamosi iliyofuata akaandika tena, safari hii akaongeza kiapo. Naapa, safari hii sitanii, ni mimi mwenyewe, nimechoka kweli. Lo! Kiapo ndicho kilichoharibu kabisa. Maana katika miaka yote ile, hakuna hadithi aliyoiapia ambayo ilikuwa na kweli hata ya kulambia. Walipoona "naapa" wakajua wamepata uongo wa daraja la kwanza. Wakawatumia ndugu zao, ndugu wakawatumia jirani zao. Siku hiyo alipata wasomaji wengi kuliko siku yoyote tangu azaliwe.

Binti yake akapiga simu, anahema kwa kicheko. "Baba, nimecheka mpaka bosi amekuja kuuliza kuna nini!"

"Mwanangu, sidanganyi."

"Ndiyo hiyo! Sauti ileile! Hiyo sauti unayoitumia kwenye hadithi ya mende!"

"Mwanangu, mimi ni baba yako na nimechoka."

"Uwii, baba, utaniua. Nikupigie baadaye."

Mzee akaiweka simu mezani taratibu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Ukitaka kuujua upweke, sema ukweli mbele ya watu wanaokupenda kwa uongo wako.

Jioni ile mkewe alikuwa anaanua nguo. "Shika ncha hizo," akamwambia, akimrushia upande mmoja wa shuka. Wakarudi nyuma kila mmoja kwake, wakaivuta, wakaikung'uta, wakaja mbele kukutanisha ncha kama walivyofanya tangu wakiwa vijana.

"Hawaniamini, mama."

"Nimeona."

"Umeona wapi?"

"Kwenye blogu yako, wapi tena? Unadhani nani huyo 'Jirani wa Karibu' anayekukosoa tarehe zako miaka yote hiyo?"

Mzee akaachia ncha moja. Mkewe akamngoja aiokote, ndipo akaendelea.

"Sikiliza, baba watoto. Watu hawa umewafundisha mwenyewe kukusoma. Ukisema moto, wao wanavaa sweta. Ukisema mende, wanatafuta mtu. Miaka kumi na moja! Leo unawajia na sentensi zilizonyooka, wataelewaje? Vuta vizuri, hiyo inakunjana."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi ni mkunga, si fundi wa maneno. Mtoto asipotoka kwa kichwa tunamtoa kwa miguu."

Mzee akasimama katikati ya uwanja, shuka mkononi, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, mabega yakaruka.

Jumamosi ikafika. Saa tatu kamili Saa Mbovu ikatoa haya:

"Ndugu wasomaji, habari njema. Sijachoka hata chembe. Mgongo wangu ni wa kijana wa miaka ishirini, macho yangu yanaona nyuma ya ukuta. Kuanzia kesho nitaandika kila siku, asubuhi na jioni, na sikukuu mara tatu. Mke wangu amefurahi sana. Ameniambia hataki kuniona nimekaa naye hata dakika moja. Nyinyi hamkunisaidia kitu. Nilipokaa nyumbani sina kazi, hamkunipa sababu ya kuamka. Hamkunichekesha hata siku moja. Nikiwaacha sitawakumbuka. Mende naye anawasalimu. Amesema yeye ni wa kweli."

Akabonyeza. Safari hii hakwenda kwenye maua. Alikaa hapohapo, mkewe amesimama nyuma yake na kitambaa cha vyombo begani. Dakika kumi, hakuna kitu. Kumi na tano, kimya. Hakuna hahaha, hakuna mbavu sina.

Kisha Mwalimu wa Hesabu akaandika.

"Fundi, nimepiga mahesabu. Miaka kumi na moja ni Jumamosi mia tano sabini na mbili. Ulikosa mbili, ulikuwa na homa. Kwa hiyo umetudanganya mara mia tano na sabini, na kila mara nilijua uongo uko wapi. Hii ya leo nimeisoma mara tatu. Unaondoka, sivyo?"

Mzee akaweka vidole viwili kwenye herufi. Akaandika: "Hapana."

"Nimeelewa," Mwalimu akajibu. "Nina wanafunzi wasiopenda hesabu. Ijumaa nikiwaambia nitawasomea Saa Mbovu wakimaliza mazoezi, wanamaliza. Sikuwahi kukuambia. Asante, Fundi. Pumzika."

Baada ya hapo wakaja kama mvua. Mama Mapacha akaandika kwamba watoto wake walizaliwa kabla ya siku zao, wakakaa wodini majuma saba ndani ya yale masanduku ya joto, na yeye kila siku alikuwa anawasomea habari za saa kwa sauti kwa sababu hakujua kuimba. "Leo wana miaka kumi na wanagombana kama mende alilipwa mshahara au la. Sina la kuuliza leo. Asante." Mwingine akasema hajawahi kuandika maoni maishani mwake, alikuwa anaona aibu, ila leo ameona asipoandika hatapata nafasi tena. Mwingine akasema tu: "Kaa na mkeo, mzee wetu."

Na Dereva wa Lori akaandika: "Naapa mimi mwenyewe nimemwona. Amechoka. Mwacheni apumzike."

Miwani ya mzee ikaingia ukungu. Mkewe akavuta kiti, akamsomea yaliyobaki, moja baada ya jingine, bila haraka, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kuwaambia akina baba nje ya mlango kwamba wote wawili wako salama. Mzee alitaka kumjibu kila mtu kwa hadithi yake, angalau ya mistari miwili. Akatafuta. Hakupata cha kuongeza. Akaandika "Asante" kwa vidole viwili, akaandika tena kwa anayefuata, na tena, mpaka mchana.

Jumamosi ya kwanza ya uhuru wake, saa tatu kamili, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha shemeji yake, nguo zimepigwa pasi, mikono juu ya magoti.

"Huyu nani?" mgonjwa akamuuliza mdogo wake.

"Mume wangu. Fundi saa."

"Mbona amechelewa?"

"Alikuwa na wateja," mkewe akasema, na akamtazama mumewe kwa jicho ambalo hakuliona tangu siku zile za kibandani.

Mzee akamsimulia shemeji yake habari za mende. Mgonjwa akacheka mpaka akashika tumbo, akatulia, akatazama dirishani, kisha akauliza kwa heshima kabisa kama mgeni huyu anajua hadithi yoyote. Mzee akaisimulia tena. Siku hiyo aliisimulia mara nne, na mara ya nne mende alikuwa meneja. Hakuna aliyepiga mahesabu. Njiani kurudi mkewe alimshika mkono, na mkono ule haukwenda mfukoni.

Mpaka leo mzee huyo hajaandika hata mstari mmoja, wala hana hamu. Anamwagilia maua, ananyolewa na kinyozi anayeongea kama kasuku, na kila Jumamosi

"Unaandika nini hapo?"

Sikumsikia akiingia. Anavaa zile ndara laini za wodini.

"Orodha ya vitu vya kununua," nikasema.

"Orodha ya kurasa tisa? Tunahama nchi?"

"Hii si blogu, mama. Hii ni karatasi. Karatasi haina wasomaji."

"Lete hapa."

Ameketi. Amevaa miwani yangu, kwa kuwa yake iko chumbani. Anasoma na penseli mkononi, na kila baada ya muda anachora kistari pembeni.

"Wasomaji elfu arobaini?"

"Kwa kukadiria."

"Walikuwa mia nne na kumi na wawili, mimi nikiwemo. Sahani moja."

"Sahani gani?"

"Kila uongo, chombo kimoja. Vya tangu jana viko kwenye karai vinakusubiri. Mimi nilisema 'baba watoto'? Nilisema 'wewe mzee kaidi'. Sahani ya pili. Mara nne? Hadithi ulimsimulia dada mara mbili, ya tatu ulisinzia mwenyewe. Ya tatu. 'Jicho ambalo hakuliona tangu siku za kibandani'..." Akanitazama juu ya miwani. "Hili tuliweke kando, nitalifikiria."

Akafika kwenye ukurasa wa mkono na penseli. Hapo alikaa muda. Kistari hakuchora, akalainisha kona ya karatasi kwa kidole gumba, akafunua.

"Na hii ya mwisho," akasema, "'hajaandika hata mstari mmoja'. Na kurasa tisa hizi ni nini, upele? Hilo ni lile sufuria lililoungua."

"Mama, hilo sufuria lina wiki nzima!"

"Ndiyo maana."

Jumla ni sahani kumi na moja, vikombe vitano na sufuria moja. Nimekata rufaa, imetupwa. Ameniachia kalamu kwa dakika moja tu, niandike kwamba nimekiri makosa yote. Nimekiri. Maji yameshachemka, nakunja mikono ya shati.